Anayetangulia Huwavuta Wengine

 

Wanadamu tumependa tangu kale kujua ni nani aliyekimbia upesi kuliko wote, au aliyeruka juu kuliko wote. Twaliandika jina lake na tarakimu zake, kisha twasema: huyu ameweka rekodi ya dunia. Jumapili hii tujiulize pamoja: rekodi hiyo yamfaa nani, nayo hudumu kwa muda gani?

Tuitazame moja tunayoijua vema sisi wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, ilikimbiwa fainali ya mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Miongoni mwa wakimbiaji alikuwamo Filbert Bayi wa Tanzania, kijana wa miaka 20. Wengi katika mbio za namna ile hupenda kujificha nyuma ya wenzao, wakiwaachia wao kazi ya kukata upepo, kisha huchomoka katika mzunguko wa mwisho. Bayi hakufanya hivyo. Alitangulia tangu mwanzo, akabaki mbele mpaka kwenye utepe, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Rekodi ya Jim Ryun wa Marekani, iliyodumu tangu 1967, ikavunjika.

Lakini tusimtazame mshindi peke yake. Nyuma yake alikuja John Walker, mwenyeji wa nchi ile, kwa dakika 3 na sekunde 32.5. Naye pia alikuwa ameipita rekodi ya zamani! Nani alimfikisha huko? Miguu yake mwenyewe, bila shaka. Lakini pia yule aliyekuwa mbele yake, ambaye hakumruhusu kupumzika hata hatua moja. Anayetangulia kwa bidii huwavuta wengine mahali ambapo pengine wasingefika peke yao.

Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwezi Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliweka rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51.0. Haikumaliza miezi mitatu. Mwezi Agosti mwaka ule ule iliondolewa, na aliyeiondoa ni Walker yule yule, mtu wa kwanza kuikimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50. Ile ya mita 1500 ilichukuliwa na Sebastian Coe wa Uingereza mwaka 1979. Muda wa Christchurch ulibaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48. Mwaka 2022 nao ukapitwa.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu waliozoea kuona mashindano karibu na mji wao, akawakumbusha kwamba mkimbiaji hujinyima mengi kwa ajili ya taji la majani, nalo majani hunyauka. Hakuyadharau mashindano. Alitaka tujue kipi hunyauka na kipi hakinyauki.

Mwaka 1976 dunia ilingoja kuwaona Bayi na Walker wakipambana katika Olimpiki ya Montreal. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika ya Kusini, nchi iliyotawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, na mataifa mengi ya Afrika, Tanzania ikiwemo, yakaisusia michezo ile. Walker alipata medali ya dhahabu. Bayi alibaki bila nafasi ya kuiwania, kwa sababu ya watu waliodhulumiwa ambao wengi wao hakupata kuwaona. Hakuna saa ya uwanjani iwezayo kupima gharama hiyo. Miaka minne baadaye, mjini Moscow, alipata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na hatimaye akaanzisha shule huko Kibaha, ili watoto wa wengine nao wapate pa kuanzia.

Ndugu zetu, sisi nasi tuna rekodi zetu ndogo. Yupo fundi asiyeshindwa mtaani, mwalimu anayesifiwa, dada aliyekuwa wa kwanza kusoma katika ukoo. Siku moja mwanagenzi atamshinda fundi wake. Mwanafunzi atamzidi mwalimu. Mdogo atampita dada. Siku hiyo ndipo moyo hupimwa. Je, tutanuna na kumtafutia kasoro? Au tutashukuru kwamba tulikimbia mbele yake vya kutosha hata akajifunza kasi?

Wiki hii tumtafute mmoja anayetufuata nyuma, tumwonyeshe njia tuliyoificha. Na aliyekwisha kutupita tumpe mkono, bila kinyongo.

Mungu atupe miguu ya kutangulia, na moyo wa kufurahi tunapopitwa. Amina.