Mali Kauli Haimtoshi Fundi wa Kujitegemea

Mada hii inawahusu watu ambao kazi zao zinaonekana kila kona kati ya Magomeni na Kariakoo, Dar es Salaam, lakini hawamo kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote: wabunifu wa nembo na lebo, wapiga picha, wahariri wa video, wafasiri, vijana wanaoendesha kurasa za maduka ya Instagram. Hoja yangu ni moja. Mwajiriwa ambaye hajawahi kusoma mkataba wake bado ana sheria inayomkinga, ilhali fundi wa kujitegemea ana kile tu alichokubaliana na mteja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28, notisi ya kuachishwa, na mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi anapodhulumiwa. Anayejitegemea anabaki na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo kazi yake kubwa ni kusimamia makubaliano ya wahusika. Msipotaja siku ya malipo, mtabishana mbele ya hakimu muda wa kufaa ni upi.

Pingamizi la kwanza linatoka Kariakoo kwenyewe, na lina uzito. Soko hili limesimama kwa mali kauli: muuzaji wa jumla anatoa marobota ya vitenge kwa neno la mdomo, mwenye duka anauza kwanza, halafu anarudisha fedha. Ikiwa mzigo wa mamilioni unatoka hivyo, kwa nini nembo ya laki mbili idai maandishi? Tuangalie mali kauli inashikiliwa na nini. Bei inajulikana kabla mzigo haujatoka stoo. Robota likishapokelewa, hakuna anayerudi kudai libadilishwe rangi mara ya tano. Na zaidi ya yote, mdaiwa anauhitaji mzigo wa wiki ijayo. Akikwepa deni, stoo inafungwa kwake na sifa yake inamtangulia mtaa wa pili. Mbunifu hana hata kimoja kati ya hivyo. Bei yake hubadilika kazi ikiwa katikati, marekebisho hayana mwisho kwa sababu hakuna aliyesema yaishie wapi, na faili likishatumwa mteja ana kila alichokitaka, pengine asihitaji nembo nyingine kwa miaka mingi. Kwa hiyo malipo ya kianzio, idadi ya marekebisho, na sharti kwamba faili halisi linatoka baada ya malipo ya mwisho ni njia ya kumpa fundi nguvu ambayo muuzaji wa jumla anaipata bila kuiandika.

Wengine watasema makubaliano yapo tayari, kwenye WhatsApp. Ni kweli kwamba hata makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imezipa rekodi za kielektroniki nafasi yake kisheria. Sina ugomvi na WhatsApp. Ninachokipinga ni makubaliano yaliyotawanyika kwenye mamia ya meseji na sauti, bei ikiwa juu, tarehe katikati, na haki za matumizi hazimo kabisa. Ujumbe mmoja unaotaja kazi, bei, siku ya malipo na matumizi ya kazi hiyo, ukajibiwa "nimekubali", naupendelea kuliko sampuli ya Kiingereza iliyonakiliwa mtandaoni, inayotaja sheria za jimbo fulani la Marekani.

Hatari ya makubaliano yasiyo wazi huwa kubwa zaidi panapokuwa na wakala katikati. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wanamuziki MwanaFA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo za "Usije Mjini" na "Dakika Moja" kama miito ya simu bila ridhaa yao. Utetezi wa kampuni ulikuwa kwamba nyimbo ilizipata kupitia kampuni nyingine. Shauri lilikatiwa rufaa, na ninachokitafuta hapa si kiasi cha fidia. Ninatazama umbali: kazi ilimfikia mtumiaji wa mwisho kwa mkono wa mtu wa tatu, na wenye kazi wakalazimika kwenda mahakamani. Mpiga picha anayepewa kazi na wakala wa matangazo yuko katika hali hiyo hiyo. Picha itatumika wapi, kwa muda gani? Nani anamdai nani? Jibu la "mteja hajatulipa" linaweza kumweka miezi, kama hakuna kifungu kinachosema wakala atalipa tarehe fulani hata kama yeye mwenyewe hajalipwa. Hapo hapo iandikwe kama bei ni kabla au baada ya kodi ya zuio ya asilimia 5, maana wengi huigundua siku fedha inapoingia pungufu.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote: mteja atakimbilia kwa mwingine. Baadhi watakimbia, hilo nalikubali. Lakini fundi cherehani hupokea kianzio kabla ya kukata kitambaa, mpiga picha wa harusi hupokea kabla ya kushika tarehe, na wateja wamezoea, kwa kuwa mafundi wengi wanafanya hivyo. Mbunifu mmoja akidai peke yake ataonekana msumbufu. Wakidai wote wa jengo moja, mteja hana pa kukimbilia. Na deni likishindikana, Mahakama ya Mwanzo, iwe Magomeni au Kariakoo, inasikiliza kwa Kiswahili madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Anayefika na ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri hahitaji kuanza kwa kuthibitisha kwamba kazi ilikuwepo.

Kwa hiyo napendekeza kipindi cha mchana cha mkutano huu kitumike kuandika ukurasa huo, kwa Kiswahili, tukianza na jambo ambalo najua hatukubaliani: kianzio kiwe nusu ya bei au theluthi.