Kansa ya koo si moja

Mtu akisikika ana kansa ya koo, jamaa huanza kunong'onezana kama vile matanga yamekwisha wekwa. Mimi nasema tusimzike mtu angali hai. Jina ni moja, lakini ugonjwa si mmoja, na maabara inaweza kuutofautisha.

Kwanza tuelewane. Sizungumzii kansa ya umio, ile njia ya chakula, ambayo wengi wetu pia huiita ya koo. Wala si ya kisanduku cha sauti. Nazungumzia nyuma ya kinywa: mafindofindo na shina la ulimi.

Kansa ya hapo ina vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni sigara na pombe. Cha pili ni virusi vya HPV, vile vile vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi kwa akina mama. Virusi hivi huharibu breki inayoizuia seli isigawanyike ovyo. Seli nayo hutoa kwa wingi breki nyingine, protini iitwayo p16, lakini haifui dafu. Mtaalamu wa maabara huchukua kipande cha uvimbe na kukitia dawa maalumu. Seli zenye p16 hugeuka rangi ya kahawia. Zikifika 70 katika kila 100, na rangi imekolea, majibu huandikwa kuwa p16 ipo.

Rangi hiyo ina uzito gani? Mwaka 2010 Dakta Kian Ang na wenzake huko Marekani walitoa hesabu ya wagonjwa ambao kansa yao ilikwisha komaa. Baada ya miaka 3, wenye kansa ya virusi waliokuwa hai walikuwa asilimia 82. Wasio na virusi walikuwa asilimia 57. Waliovuta sana sigara walipunguza bahati yao, hata kama walikuwa na virusi.

Basi madaktari wakajiuliza: kama hawa wanapona vizuri, kwa nini tuwape sisiplatini, dawa inayoweza kuharibu figo na masikio? Wakajaribu kuwapa baadhi yao dawa nyingine, setuksimabu, pamoja na mionzi. Majibu ya majaribio mawili makubwa yalichapishwa mwaka 2019. Katika lile la Uingereza na jirani zake, baada ya miaka 2 waliopewa sisiplatini waliokuwa hai walikuwa takriban asilimia 98, na waliobadilishiwa asilimia 89. Madhara makali nayo hayakupungua.

Hapo ndipo penye somo. Alama njema haikusema tiba ipunguzwe. Ilisema tu kwamba tiba ile ile, kwa mgonjwa huyu, ina matumaini makubwa zaidi. Tena kipimo chenyewe si msahafu: kwa wagonjwa kama 9 katika 100, p16 na kipimo cha virusi havikubaliani.

Kwa hiyo, ndugu yako akipatwa, muulize daktari maswali mawili: uvimbe uko sehemu gani hasa, na je, umepimwa p16? Majibu yakiwa mazuri, mshukuru Mungu, aache sigara, na amalize tiba yake yote. Yakiwa mabaya, asikate tamaa. Hata upande ule, zaidi ya nusu walikuwa hai.