Mpira, ndugu wa muhogo

Leo tuanzie jikoni, kwenye kisamvu cha mpira. Mti ule mrefu unaochumwa majani nyuma ya nyumba si muhogo. Ni nduguye wa porini, asili yake kaskazini-mashariki mwa Brazili. Wakati wa Wajerumani ulipandwa Tanganyika kwa ajili ya utomvu wake. Biashara ikafa, mti ukabaki.

Miaka ya 1930, katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, mtaalamu H. H. Storey alitafuta muhogo wa kustahimili batobato, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe na pingili zenye maambukizi. Mihogo aliyoijaribu haikumtosheleza, akaugeukia mpira. Chotara wa kwanza wa mpira na muhogo walistahimili ugonjwa, lakini mizizi yao, ah, duni! Ikabidi warudishiwe damu ya muhogo kizazi baada ya kizazi, na kila mara wapimwe upya, maana utamu ungeweza kurudi na ukinzani ukapotea. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950. Mbegu zilizopelekwa Nigeria ndizo zilizozaa baadhi ya aina zilizowaokoa wakulima wa Uganda batobato kali lilipofyeka mashamba yao miaka ya 1990.

Kuna pia Namikonga, muhogo wa kusini mwa Tanzania, ambao Kenya huitwa Kaleso. Huo huvumilia michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mizizi ingali ardhini. Vipimo vya vinasaba vimekuta ndani yake vipande vya urithi wa mpira.

Sasa usikimbilie kusema mmea wa porini hauugui. Kustahimili maana yake virusi vinaingia, ila havisambai sana, na pengine matawi mengine hubaki safi. Tena virusi vya michirizi vyenyewe vimekutwa kwenye miti ya mpira hapa Tanzania. Kwa hiyo mti uliotupa dawa unaweza pia kuwa maficho ya adui. Mimi sisemi ukatwe. Kisamvu chake nakipenda, na urithi wake bado tunauhitaji.

Ila wewe mkulima, kabla ya kukata pingili za msimu ujao, kagua shina na majani, kisha pasua mizizi michache. Ukiona mabaka ya kahawia ndani, usipande pingili za shina hilo, wala usimpe jirani.