Kwenda Kazini kwa Miguu na kwa Baiskeli

Leo nataka kusema habari ya jambo ambalo kila mwenye kazi ya mshahara hulifanya mara mbili kwa siku, wala haliandikwi katika daftari yoyote ya kazi, nalo ni safari ya kutoka nyumbani mpaka kazini na kurudi. Nitasema hasa juu ya watu wa Kinondoni na Temeke katika mji wa Dar es Salaam, kwa kuwa ni wengi mno. Lakini mtu wa Tanga au wa Mwanza aweza kuyapima maneno haya kwa mji wake.

Hebu simama kituoni Kinondoni asubuhi, jua linapoanza kutoka. Utaona makundi ya watu, wote wamegeuza nyuso zao upande mmoja, ule litakapotokea gari. Gari laja, nalo limekwisha jaa, lapita. La pili lasimama, na vijana wenye nguvu waingia kwa madirisha, na mama mwenye mtoto abaki chini. Mara dakika arobaini zimepita. Basi nauliza: katika dakika hizo, yule aliyeanza kutembea angekuwa amefika wapi? Mtu mzima mwenye afya huenda kilomita tano kwa saa bila kujilazimisha. Kutoka Kinondoni mpaka Posta, kwa njia ya Daraja la Salenda, ni kama kilomita sita. Mwenzetu wa miguu amekwisha pita nusu ya njia, na yule wa baiskeli amekwisha fika, anafuta jasho.

Na watu wa Temeke je? Wengi wao hata mjini hawaendi. Kazi yao iko katika viwanda vya Chang'ombe na Keko, na kando ya Barabara ya Nyerere, au bandarini upande wa Kurasini. Aketiye Temeke na kufanya kazi Chang'ombe, akingojea gari kwa nusu saa, angojea kitu ambacho miguu yake ingalikuwa imekwisha kukimaliza. Tena mji wetu ni tambarare. Mtu wa Kampala akitaka kupanda baiskeli hana budi kushindana na vilima; sisi twashindana na mchanga na jua tu.

Jambo hili si geni. Zamani za utawala wa Waingereza mji uligawanywa: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, na Waafrika Kariakoo, na katikati uwanja wa Mnazi Mmoja. Kila asubuhi watumishi, makarani na mahamali waliuvuka uwanja ule kwa miguu. Hata jina la Kariakoo, kama mjuavyo, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, watu ambao kazi yao yote ilikuwa kutembea na mzigo kichwani. Baadaye zikajengwa nyumba za wafanyakazi Ilala, Temeke na Magomeni, na mji ukasogea mbali na kazi. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa ulikuwa na watu 5,383,728. Hapo katikati, mwaka 1983, magari ya watu binafsi yaliruhusiwa kuchukua abiria, yakaitwa daladala kwa ajili ya dala, yaani shilingi tano, nauli ya wakati ule. Kwa aendaye mbali ni msaada mkubwa, wala sina neno baya juu yake. Lakini tumejizoeza kulipanda hata kwa mwendo wa dakika ishirini.

Labda mtaniambia sababu ni uchovu. Mimi nasema sababu kubwa ni aibu. Karani aliyevaa shati lililopigwa pasi haoni haya kubanwa katika gari hata shati likakunjamana, lakini aona haya kuonekana barabarani kwa miguu, asije akaulizwa na jirani, "Bwana, leo nauli imekwisha?" Na baiskeli je! Wasema ni chombo cha muuza madafu. Naam, mtazameni huyo muuza madafu. Atoka mbali alfajiri, mzigo umemfunika nyuma mpaka haonekani, naye afika mjini mapema, auza, arudi. Haombi ruhusa kwa kondakta. Nani wa kumcheka mwenziwe hapo?

Haya, tuhesabu. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita kumi ilipandishwa kutoka shilingi 500 hata 600. Kwenda na kurudi ni 1,200. Kwa siku ishirini na sita za kazi ni 31,200. Mwenye kupanda magari mawili kila safari ni 62,400. Mwenye watoto shuleni ajua fedha hizo zingenunua nini.

Kuna na hesabu ya mwili. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima autumikishe mwili wake kwa muda wa dakika 150 mpaka 300 kila juma. Mwendo wa dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni, kwa siku tano, ni dakika 200, bila kulipa mwalimu wa mazoezi. Maradhi ya shinikizo la damu na ya sukari, ambayo wazee wetu waliyaita ya matajiri, siku hizi yamo hata katika nyumba za kupanga, na moja ya sababu zake ni kukaa kitini toka asubuhi hata jioni.

Sasa nataka kusema na tajiri, mwenye kiwanda au mkuu wa ofisi, maana si haki kumhimiza mtumishi peke yake. Bwana tajiri, umejenga banda la gari lako na la wageni wako. Je, baiskeli ya mlinzi wako huwekwa wapi? Imeegemezwa ukutani nyuma ya choo, na jioni huikuta haina taa au haina kiti. Banda dogo la mabati, chuma cha kufungia mnyororo, na mtu wa kulitazama, gharama yake si kitu. Halafu maji. Joto la Dar es Salaam, hasa toka Desemba hata Machi, si la mchezo. Mtu akifika amelowa jasho ataona haya kukaribia wenzake. Mpe chumba cha kuoga na msumari wa kutundika shati. Wako pia wanawake. Dada apandaye baiskeli katika mitaa yetu husemwa maneno mengi, na mara nyingi hayo maneno ndiyo yanayomzuia, si umbali. Ukimwona mmoja langoni kwako mheshimu, na uwakataze walinzi wako mzaha. Na kama wampa mtumishi fedha za nauli, usimpunguzie kwa sababu amekuja kwa miguu. Ukifanya hivyo kesho atarudi kituoni, nawe utamngojea.

Habari ya njia yenyewe ni chungu kidogo. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kwenda kutoka Kimara hata Kivukoni, Barabara ya Morogoro ilikuwa imetengenezewa pembeni njia za miguu na za baiskeli. Ni kazi njema sana, ila mara nyingi wenye pikipiki huzifanya zao, na mwenye gari huegesha juu yake kama uani kwake. Penginepo njia hukatika ghafula, ukajikuta mtaroni. Kwa hiyo angalieni. Mwenda kwa miguu, mahali pasipo njia yake, aende upande wa kulia wa barabara, apate kuyaona magari yanayomjia. Mwenye baiskeli ashike kushoto, breki zote mbili zishike, kengele ilie, na taa iwake jioni. Na katika masika, Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, msiyakanyage maji yale. Rudini nyumbani, kazi itangoja.

Aketiye Mbagala au Kimara ataniambia kwake ni mbali. Ni kweli, wala simwambii atembee yote. Na apande gari, kisha ashuke vituo viwili kabla ya kazi yake, mahali ambapo magari husongamana, amalizie kwa miguu.

Anayetaka kujaribu asianze Jumatatu. Na aanze Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache, aipite njia yake polepole, akitazama saa. Aangalie kivuli kiko wapi, njia ya pembeni yaishia wapi, na fundi wa kuziba pancha aketi chini ya mti gani.