UYOGA WA DAWA NA UCHOVU WA ZAMU
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Mwezi uliopita mchuuzi alifika langoni petu na unga wa uyoga. Alisema waondoa wasiwasi, waleta usingizi, tena wasawazisha homoni za mume na mke. Wengi wetu tulichukua kwa deni mpaka siku ya mshahara. Mwenzetu mmoja aliacha hata vidonge vyake vya presha. Ndipo tukaona yatupasa kuuliza: ushahidi uko wapi?

Uyoga huu ni dawa ya zamani huko Uchina na Japani, nasi hatuudharau. Mwaka 2010 wanawake 30 wa Japani waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikula biskuti zenye uyoga uitwao Hericium, la pili biskuti zisizo nao, kwa wiki 4. Waliokula uyoga walipungukiwa na wasiwasi na huzuni. Ni habari njema, lakini watu 30 hawajazi hata behewa moja, na wiki 4 si muda mrefu.

Na homoni je? Katika panya, uyoga uitwao reishi ulizuia homoni ya kiume isikuze tezi dume. Lakini mwaka 2008 ulijaribiwa kwa wanaume 88 wa Japani wenye taabu ya mkojo, kwa wiki 12. Taabu ilipungua kidogo. Homoni ya kiume katika damu haikubadilika. Panya si mtu, ndugu zetu.

Tena reishi waweza kuzuia damu isigande upesi. Anayetumia dawa ya kulainisha damu amwulize daktari kwanza. Na vidonge vya presha visiachwe kwa neno la mchuuzi.

Sasa tuseme kweli. Homoni ya mwili iitwayo kotisoli hupanda asubuhi na kushuka usiku. Anayefanya kazi usiku na kulala mchana huivuruga saa hiyo ya mwili. Unga hauwezi kutengeneza orodha mbaya ya zamu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Asiyeipata asinunue uyoga kwanza. Amwone mwakilishi wake wa chama.

Anayependa uyoga na aule kwa ugali. Mapumziko tuyadai pamoja.