Mkojo, Choo na Milango ya Bwenini



Katibu aliniomba nizungumze juu ya kazi ya serikali. Naomba radhi: nitazungumza juu ya mkojo.

Kibofu cha mtu mzima huchukua kiasi cha nusu lita. Kikijaa, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya uti wa mgongo, nao ubongo huamua kungoja au kwenda. Usiku mwili hutoa homoni ya kupunguza mkojo. Kwa wengine homoni hiyo ni haba, au kibofu ni kidogo, na usingizi ni mzito hata habari isifike. Mara nyingi hurithiwa. Baba naye alikuwa hivyo, ila hasemi. Wachache hufika nayo utu uzima. Si uvivu, wala fimbo haina homoni.

Enzi zetu alikuwako mwenzetu ambaye godoro lake lilianikwa mbele ya gwaride kila asubuhi. Alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Alikwenda likizo ya Juni, asirudi. Wenzangu wa mwaka ule mnamkumbuka.

Kijana mwenye shida hii anywe maji ya kutosha mchana, apunguze jioni, aache chai ya usiku, aende haja kabla ya kulala. Daktari anayo dawa. Akiona damu kwenye mkojo, apimwe kichocho.

Jambo linalosahauliwa ni choo kigumu. Mvulana anayekwepa vyoo visivyo na milango hujizuia siku 3 au 4. Kinyesi hukauka, hujaza utumbo, hukandamiza kibofu. Halafu kile chepesi hupenya pembeni na kuchafua nguo bila yeye kujua, naye hudhaniwa anaharisha. Akipewa dawa ya kufunga tumbo, ndiyo kwanza mambo huharibika! Atibiwe kwa kulainishwa choo.

Wazee wenzangu, mkojo unaotoka kwa kudondoka huenda ni tezi dume, nendeni mkapimwe. Na yeyote anayeshindwa ghafla kuzuia haja, huku mapaja yana ganzi au miguu imelegea, afike hospitali siku hiyo hiyo.

Leo asubuhi nimepita vyooni. Matundu ni 8, milango ni 3. Chama chetu kimechanga fedha za mnara wa kumbukumbu. Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja fedha hizo zinunue milango 5, yenye komeo la ndani.