Redio ya Gari Inayopokea Simu: Mikono ni Huru, Akili Je?

 Natumaini chakula kiko jikoni na kinaendelea vizuri. Punguza moto kidogo, ukae, tuzungumze.

Mada yetu leo ni redio ya gari. Najua utashangaa. Kipindi hiki ni cha afya, na umezoea kutusikia tukizungumza juu ya chanjo, malaria na lishe ya mtoto. Lakini Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua wengi zaidi kuliko ajali za barabarani. Hapa Kenya peke yake, zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani mwaka 2023, na mwaka 2024 idadi ilipita tena 4,000. Wengi wao walikuwa wakitembea kwa miguu. Kwa hiyo simu ya dereva ni jambo la afya, mama, kama vile chandarua.

Tuanze na gari lenyewe. Mengi ya magari yanayotubeba huku kwetu yalitumika kwanza Japani: Probox, Corolla, Noah na mengineyo. Huenda ni la mume wako, au la kaka yako. Huenda ni la yule jirani ambaye kijiji kizima humpigia usiku mtoto anapopandwa na homa kali au mama anaposhikwa na uchungu. Redio iliyomo ilitengenezwa kwa ajili ya Wajapani. Zile za zamani hushika mawimbi ya FM ya 76 hadi 90 tu, na vituo vyetu vingi viko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana kuna kile kisanduku kidogo ambacho fundi huunganisha kwenye waya wa eriali ili redio ipate vituo vya Kenya, na ndiyo maana namba unayoiona kwenye redio haifanani na namba ya kituo unachosikiliza.

Siku hizi wenye magari hayo wanabadilisha redio ili simu ipokelewe kwa spika za gari. Kinachounganisha simu na redio kinaitwa Bluetooth. Ni mawasiliano ya karibu yasiyo na waya, ya umbali wa mita kama 10 hivi. Simu inabaki mfukoni, sauti inatoka kwenye spika za milango, na dereva anajibu akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

Je, ni jambo jema? Ndiyo, kwa kiasi fulani. Nitakuambia kiasi hicho ni kipi, lakini kwanza tuzungumze juu ya kazi ya fundi, kwa sababu hapo pana hatari ambayo watu wengi hawaifikirii.

Njia ya bei nafuu ni kifaa kidogo kinachochomekwa pale pa kuwashia sigara. Kifaa hicho huchukua sauti ya simu na kuirusha kama kituo kidogo cha FM, nayo redio ya zamani huishika. Huhitaji kufungua dashibodi. Taabu yake ni kwamba kwenye redio ya Kijapani nafasi ya kutafutia ni ndogo, vituo vinagongana, na gari likifika mahali pengine kituo kingine kinaingilia. Dereva anaanza kuzungusha namba huku gari linakwenda. Tena maiki yake iko chini karibu na gia, kwa hiyo dereva huinama na kupiga kelele ili asikike. Mimi sikipendi kifaa hiki kwa simu. Kwa muziki, sawa.

Njia iliyo bora ni kuondoa redio ya zamani na kuweka nyingine yenye Bluetooth ndani yake, ikiwa na maiki ya kando yenye waya. Maiki hiyo ifungwe karibu na mdomo wa dereva, pale juu penye kizuia jua au nyuma ya usukani, na waya wake upite kando, usikatize mbele ya kifuniko cha mfuko wa hewa. Ule mfuko hufumka kwa nguvu nyingi sana gari linapogonga, na chochote kilichofungwa juu yake kitarushwa usoni mwa mtu. Kwa Toyota zilizotoka Japani, ujue pia kwamba tundu la redio lina upana wa sentimita 20 hivi, na redio nyingi za dukani zina 18. Pengo hilo huzibwa kwa vipande vya plastiki vya kando. Fundi asikuambie kwamba gari limeharibika.

Sasa waya. Fundi mzuri huanza kwa kutoa kichwa cha betri. Kisha hupima kila waya, kwa sababu rangi za waya za gari si lazima zifanane na rangi za redio mpya. Kwenye redio nyingi za dukani, waya wa njano ni wa moto wa siku zote, mwekundu ni wa moto unaokuja ukizungusha ufunguo, na mweusi ni wa bodi. Akivibadilisha hivi viwili vya kwanza, redio itaisahau simu kila gari linapozimwa, au itanyonya betri usiku kucha. Na betri iliyokufa saa nane za usiku, mtoto akiwa na degedege, hilo si jambo la redio tena.

Jambo kubwa zaidi ni fyuzi. Ndani ya fyuzi mna uzi mwembamba uliowekwa makusudi ukatike kabla ya waya wenyewe kushika moto. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, gari linakuambia kuna kosa mahali fulani. Kuna mafundi ambao huchukua karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, wakaizungushia hiyo fyuzi, redio ikalia, nao wakalipwa. Wamemwondoa mlinzi mlangoni. Waya uliosokotwa na kufungwa gundi ya karatasi chini ya dashibodi unaweza kuwasha gari moto, na watoto wako wameketi nyuma. Uliza swali hili bila aibu: "Fundi, umeweka fyuzi ya kiasi gani, na viungo umevifungaje?"

Wenye Canter za kubeba mchele nao wasikilize. Malori mengi hutumia umeme wa volti 24, si 12 kama gari dogo. Redio ya gari dogo ikiunganishwa moja kwa moja huko itaungua. Panahitajika kifaa cha kupunguza umeme, na kiwe na nguvu ya kutosha.

Halafu kuna redio zenye kioo kikubwa cha kuonyesha video. Zimetengenezwa zisionyeshe picha mpaka breki ya mkono ivutwe. Fundi wengi huunganisha waya huo ovyo ili video ionekane hata gari likikimbia, na wateja hufurahi. Usikubali. Watoto watanyamaza, ni kweli, lakini dereva pia ana macho.

Haya, redio imefungwa vizuri. Simu inaingia, mikono iko kwenye usukani. Tumepona? Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Mwaka 1997, watafiti wawili, Redelmeier na Tibshirani, walichapisha uchunguzi wa madereva 699 wa Toronto, nchini Kanada, ambao walikuwa na simu na walipata ajali. Waliangalia saa ya ajali na kumbukumbu za simu. Waligundua kwamba hatari ya kugonga ilikuwa kama mara nne zaidi dereva alipokuwa akitumia simu. Na waliotumia simu za kupokea bila kushika hawakuonekana kuwa salama kuliko wale walioshika simu sikioni. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema hivyo hivyo: simu isiyoshikwa si salama sana kuliko ile ya mkononi.

Kwa nini iwe hivyo, na mikono iko huru? Fikiria unavyochagua mchele. Umekaa na uteo mapajani, pishori yako imetandazwa, vidole vinakwenda. Dada yako anapiga simu kutoka Nyeri, mnaanza kubishana juu ya karo au shamba la mzee. Vidole havijasimama. Macho bado yako kwenye uteo. Lakini jioni mtoto anauma jiwe. Uliliangalia lile jiwe, hukuliona, maana akili ilikuwa Nyeri. Dereva naye ni vivyo hivyo. Anatazama barabara, na mkokoteni wa punda uko mbele yake, na hauoni kwa wakati.

Gari likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde moja linakula mita 22. Akili ikitoka sekunde 5, gari limekwenda mita 110, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Wewe unaijua barabara yetu ya Makutano kwenda Embu. Katika mita 110 pana bodaboda iliyobeba magunia, mama anayeuza mchele kando ya lami, watoto wanaotoka shule, na mfereji wa maji pembeni. Hapana nafasi ya kukosea.

Mtu atasema, "Mbona abiria huongea na dereva na hakuna neno?" Abiria anaiona barabara. Tukifika penye hatari yeye hunyamaza, au hupiga kelele, "Angalia!" Aliye kwenye simu hajui chochote. Anaendelea kuuliza kama umenunua sukari.

Na aliye kwenye simu, mara nyingi, ni sisi. Naomba tulikubali hilo. Mgonjwa anapelekwa hospitali ya Kimbimbi au Kerugoya usiku. Jirani anaendesha. Nyumbani watu sita wana wasiwasi, na kila mmoja anapiga: "Mmefika wapi?" Baada ya dakika mbili mwingine: "Mmefika wapi?" Tunampigia mtu ambaye ameshika maisha ya mama mja mzito na mtoto aliye tumboni. Redio mpya imerahisisha kupokea, basi anapokea zote sita.

Fanyeni hivi. Kabla gari halijaondoka, chagueni mtu mmoja wa kukaa ndani ya gari na simu, asiye dereva. Wengine wote wapigiwe na huyo. Simu ya dereva izimwe sauti. Akiwa peke yake, atume ujumbe kabla ya kuondoka, na atakapofika. Katikati akilazimika kuongea, asimame mahali palipo wazi nje ya lami, kwenye kituo cha mafuta ni bora. Na wewe uliyempigia ukisikia mngurumo wa gari, sema tu, "Baba Wanjiru, unaendesha? Nitapiga baadaye," kisha ukate. Hiyo ni adabu nzuri.

Polisi nao wana neno lao. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa linakwenda.

Kuna jambo lingine dogo ambalo huwatia watu aibu. Simu ikiunganishwa na gari, kila aliyemo anasikia. Mhudumu wa kliniki akipiga kuhusu majibu ya vipimo vyako, watoto watasikia, na yule uliyempa lifti pia atasikia. Mwambie mara moja, "Niko garini na watu, nitakupigia." Redio nyingi pia hunakili majina na namba zote za simu yako. Siku mtakapouza gari, fundi azifute. Na gari likiwa nje ya nyumba na redio haijazimwa, simu inaweza kuita na sauti ikaenda garini, wewe jikoni ukadhani mtandao umepotea.

Nikimalizia na mtoto mwenyewe. Fedha zikiwa chache na unachagua kati ya redio na kiti cha mtoto, nunua kiti. Mtoto mchanga awekwe kiti cha nyuma, na kiti kile kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa. Kumpakata hakutoshi, maana gari likigonga kwa kilomita 50 tu kwa saa, mtoto wa kilo 4 huvutwa kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 80, na hakuna mkono wa mama unaoweza kuushika mzigo huo. Kwa wakubwa kidogo, kagua mishipi ya nyuma. Katika Probox nyingi mishipi imefichwa chini ya kiti kwa sababu abiria waliona inawaumiza. Fundi akija kwa ajili ya redio, mwambie aitoe.

Wiki ijayo tutarudi kwenye mifereji ya mpunga, tuzungumze juu ya kichocho. Kwaherini.